Fimbo ya Kuvulia ya Bei Ghali: Je, Thamani Yake Inalingana na Gharama?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kijana mwenye boti ndogo katika pwani ya Kunduchi, anayetaka kuanza kuwapeleka wageni kuvua nguru na kolekole, hukutana na swali moja kabla hata ya kuwasha injini: anunue fimbo ya kuvulia ya aina gani? Dukani ataoneshwa fimbo ya makumi ya maelfu ya shilingi, nyingine ya mamia ya maelfu, na pengine moja yenye jina kubwa la Japani, Marekani au Uingereza ambayo bei yake inazidi shilingi milioni moja. Zote zinang'aa, na muuzaji anazisifu zote. Akikosea, fedha inayopotea ni mtaji wa kazi, na huenda ni mtaji wa mkopo.

Swali hilo haliwahusu wafanyabiashara wa utalii peke yao. Vikundi vya vijana vinavyokopa kupitia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hununua zana za uvuvi. Wapo pia wananchi wanaovua mwishoni mwa wiki kwa ajili ya kitoweo na mapumziko. Wote wanahitaji kujua ni wapi bei kubwa inanunua ubora, na ni wapi inanunua jina tu.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kutoka fimbo ya bei ya chini kabisa hadi ile ya bei ya kati, kila shilingi inayoongezwa huleta tofauti inayoonekana katika uimara na usalama wa zana. Kutoka bei ya kati hadi bei ya juu kabisa, tofauti ipo, lakini ni ndogo, na humfaa mtu mwenye matumizi maalumu. Kwa mwananchi wa kawaida, fimbo ya bei ya kati iliyochaguliwa vizuri na kutunzwa inatosha. Sababu za jibu hilo zinaelezwa hapa chini.

Kazi ya fimbo

Ikumbukwe kuwa wavuvi wengi wa mwambao na wa maziwa yetu hawatumii fimbo kabisa. Huvua kwa mshipi wa mkono, ndoano na chambo, na huleta nchi kavu changu, chewa na samaki wengine wakubwa. Kwa hiyo fimbo si sharti la kupata samaki. Fimbo huongeza mambo matatu: hurusha chambo mbali kuliko mkono unavyoweza, humwezesha mvuvi kuhisi samaki anapogusa ndoano, na hupunguza mshtuko samaki anapovuta kwa ghafla.

Jambo hili la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Mishipi ya kusokotwa inayotumika siku hizi ina nguvu nyingi lakini hainyumbuki. Samaki mwenye nguvu kama kolekole au jodari anapokimbia, fimbo hupinda mithili ya springi na kuuokoa mshipi usikatike. Fimbo isiyopinda sawasawa, au inayovunjika inapopinda, imeshindwa kazi yake kuu hata kama ina jina gani.

Safari ya malighafi

Bei ya fimbo huanzia kwenye kitu ilichotengenezwa. Wazee walitumia ufito au mwanzi mzima. Barani Ulaya na Amerika, kwa miongo mingi fimbo ya thamani ilikuwa ya mianzi iliyopasuliwa vipande sita na kuunganishwa kwa gundi, kazi ya mikono iliyochukua muda mrefu. Kampuni ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1872, ilijipatia jina kwa fimbo za namna hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuja fimbo za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi. Zilikuwa nafuu, hazikuoza, na zilistahimili kugongwa. Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani iliingiza sokoni fimbo za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu kuliko faibaglasi. Mwaka 1976 kampuni ya Shakespeare, pia ya Marekani, ilitoa fimbo za Ugly Stik zilizochanganya nyuzi za kioo na za kaboni. Fimbo hizo zinauzwa hadi leo, na zinajulikana kwa uimara wake pamoja na bei ambayo watu wengi wanaimudu.

Historia hii ina funzo kwa mnunuzi. Nyuzi za kaboni zenye ugumu mkubwa humwezesha mtengenezaji kutumia malighafi kidogo na kupata fimbo nyembamba na nyepesi. Hata hivyo, kadiri kuta za fimbo zinavyokuwa nyembamba, ndivyo inavyodhurika kwa urahisi inapogongwa kwenye ubao wa boti au kukanyagwa. Fimbo ya bei ya juu kwa hiyo si lazima iwe imara kuliko ya bei ya kati. Mara nyingine ni kinyume chake, kwa kuwa fedha ya ziada imelipia wepesi na uwezo wa kuhisi, wala si uvumilivu wa kazi ngumu.

Vilevile, wananchi wasidanganyike na herufi na namba zinazochapwa kwenye fimbo. Alama kama IM6, IM7 na IM8 asili yake ni majina ya kibiashara ya nyuzi za kaboni zinazohusishwa na kampuni ya Hexcel ya Marekani. Si madaraja ya ubora yanayofuatwa na watengenezaji wote. Fimbo mbili zenye alama moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ubora unategemea pia gundi, umbo, na uangalifu wa utengenezaji.

Mahali ambapo fedha inafanya kazi

Sehemu ya kwanza ya kutazama ni pete zinazopitisha mshipi. Katika fimbo za bei ya chini kabisa, pete huwa za chuma cha kawaida kinachoshika kutu kwa maji ya bahari, au huwa na duara la kauri lililobandikwa kwa gundi dhaifu. Duara hilo likichomoka au likipasuka, ukingo wake hukata mshipi. Mvuvi humpoteza samaki na kudhani kuwa mshipi ndio mbovu. Fimbo za bei ya kati kwa kawaida huwa na pete zenye fremu ya chuma kisichoshika kutu na duara gumu lisilochimbwa na mshipi wa kusokotwa. Kampuni ya Fuji ya Japani huwauzia pete watengenezaji wengi, hivyo pete za chapa hiyo hupatikana katika fimbo za bei ya kati na za bei ya juu pia. Tofauti kati ya fimbo ya laki tatu na ya milioni moja kwa hiyo inaweza isiwe kwenye pete kabisa.

Sehemu ya pili ni kiti cha rili, mahali panapofungwa gurudumu dogo la kuzungushia mshipi. Kiti dhaifu hulegea samaki anapovuta. Sehemu ya tatu ni idadi na mpangilio wa pete. Pete zikiwa chache mno, mzigo hauenei kwenye fimbo yote bali hukusanyika mahali pamoja, na hapo ndipo fimbo huvunjika. Sehemu ya nne ni kiungio cha fimbo za vipande viwili au zaidi, ambacho kinapaswa kuingia kwa kukaza bila kucheza.

Mambo haya manne ndiyo yanayotofautisha fimbo ya bei ya chini kabisa na fimbo ya bei ya kati, na kwa mambo haya kulipa zaidi kuna maana.

Mahali ambapo fedha inanunua jina

Zaidi ya hapo, faida huanza kupungua. Fimbo ya bei ya juu kabisa huwa nyepesi zaidi, hupinda kwa ulinganifu zaidi na hurusha chambo kwa usahihi zaidi. Kwa mtu anayerusha chambo bandia mamia ya mara kwa siku, upungufu wa gramu chache huokoa bega na kifundo cha mkono. Kwa mwongozaji anayewahudumia wageni wazoefu, au kwa mshiriki wa mashindano, tofauti hiyo inaweza kustahili gharama.

Kwa anayetega chambo chini ya boti na kungoja, wepesi huo hauna kazi. Samaki hajui jina lililoandikwa kwenye fimbo. Aidha, katika uvuvi wa baharini kazi nzito ya kumzuia samaki hufanywa na breki ya rili. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu kizuri ni afadhali aelekeze fedha hizo kwenye rili yenye breki laini na isiyoingiza maji ya chumvi, kisha kwenye mshipi na ndoano, na fimbo iwe ya bei ya kati.

Hesabu ya kawaida

Tuchukue mfano wa kufikirika ili hesabu ionekane. Mtu anayefanya kazi ya kila wiki baharini ananunua fimbo ya shilingi 70,000 inayodumu miezi minne. Kwa mwaka atanunua tatu, yaani shilingi 210,000, na kwa miaka mitano atakuwa ametumia shilingi 1,050,000. Mwenzake ananunua fimbo ya shilingi 350,000 na kuitunza kwa miaka mitano. Gharama yake ni shilingi 70,000 kwa mwaka, theluthi moja ya gharama ya yule wa kwanza. Kwa hapa msemo wa wahenga kuwa rahisi ni ghali unathibitika.

Mtu wa tatu ananunua fimbo ya shilingi 1,400,000, nayo ikadumu miaka mitano vilevile. Gharama yake ni shilingi 280,000 kwa mwaka, mara nne ya mtu wa pili na zaidi hata ya yule aliyenunua fimbo duni tatu kila mwaka. Ili hesabu yake ilipe, fimbo hiyo lazima imletee kipato cha ziada, au idumu miaka mingi zaidi. Na ikitumbukia baharini siku ya kwanza, hasara ni ya fedha yote.

Kwa upande mwingine, mwananchi anayevua mara nne au tano kwa mwaka hana sababu ya kumwiga mtu wa pili wala wa tatu. Fimbo ya bei ya chini iliyokaguliwa vizuri inaweza kumtosha kwa muda mrefu. Jambo la kuanza nalo ni kujiuliza: nitavua mara ngapi, wapi, na samaki gani?

Dhamana ya mtengenezaji

Sehemu ya bei ya fimbo za majina makubwa hulipia dhamana. Baadhi ya kampuni huahidi kutengeneza au kubadilisha fimbo iliyovunjika kwa kipindi kirefu. Masharti yake, hata hivyo, mara nyingi humhusu mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na humtaka arudishe fimbo kwa wakala au kiwandani kwa gharama yake. Kwa mnunuzi aliye Mwanza au Mtwara, kusafirisha fimbo ndefu hadi ng'ambo kunaweza kugharimu kiasi kikubwa kuliko faida ya dhamana yenyewe.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji mambo matatu: dhamana hii inashughulikiwa na nani hapa nchini, inachukua muda gani, na inahitaji nyaraka gani. Majibu hayo yaandikwe. Dhamana isiyo na mtu wa kuitekeleza nchini haipaswi kuongeza thamani ya fimbo machoni pa mnunuzi.

Bidhaa bandia

Hasara kubwa kuliko zote ni ya mtu anayelipa bei ya jina kubwa na kupewa fimbo bandia. Huyo amelipia ubora ambao haupo. Dalili za kutiliwa shaka ni pamoja na jina la chapa lililokosewa herufi, maandishi yanayofutika kwa kidole, kukosekana kwa namba ya utambulisho ambayo mtengenezaji huweka, bei iliyo chini mno ikilinganishwa na maduka mengine, na muuzaji anayekwepa kutoa risiti.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kibiashara wa kupotosha na kudanganya. Tume ya Ushindani (FCC) husimamia sheria hiyo, na pia hudhibiti bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mwananchi aliyeuziwa fimbo bandia anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume. Ili malalamiko yawe na nguvu, atunze risiti ya mashine ya kielektroniki, picha za bidhaa na kifungashio chake. Kudai risiti ni wajibu wa kisheria wa mnunuzi, na pia ni ushahidi wake wa kwanza.

Namna ya kukagua dukani

Ukaguzi wa fimbo hauhitaji utaalamu mkubwa. Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo kabla ya kulipa:

Kwanza, aishike fimbo usawa wa jicho na kutazama kutoka kwenye mshikio hadi nchani. Fimbo iwe imenyooka, na pete zote ziwe katika mstari mmoja.

Pili, apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, kuna ufa au ukingo mkali utakaokata mshipi.

Tatu, asome maandishi ya fimbo kuhusu nguvu ya mshipi na uzito wa chambo unaofaa. Vipimo hivi mara nyingi huandikwa kwa ratili, na ratili moja ni takribani kilo 0.45. Fimbo isiyo na maelezo hayo haifai kwa kazi nzito.

Nne, aende na rili yake, aifunge, na kuangalia kama inakaza bila kutikisika.

Tano, achunguze nyuzi zinazofunga pete. Ziwe zimefunikwa kwa gundi bila mapengo wala mapovu, kwa kuwa maji ya chumvi hupenya hapo.

Matunzo na usalama

Fimbo ya bei ya kati iliyotunzwa hudumu kuliko fimbo ya bei ghali iliyopuuzwa. Baada ya kila safari ya baharini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini, na kuhifadhiwa ikiwa imesimama au imelazwa mahali tambarare. Samaki anapokuwa karibu na boti, fimbo isinyanyuliwe wima, kwa kuwa mzigo wote huhamia kwenye ncha nyembamba, na hilo ni chanzo kikubwa cha kuvunjika. Breki ya rili ifungwe kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi unaohimili kilo 20, breki isizidi kilo sita au saba.

Jambo jingine linahusu uhai. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Mtu mwenye fimbo ya kaboni asipite nayo ikiwa imesimamishwa chini ya nyaya za umeme, na radi zinapoanza ailaze chini na kuondoka majini. Bei ya fimbo haipunguzi hatari hiyo hata kidogo.

Sheria ni moja kwa fimbo zote

Kwa Tanzania Bara, uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Anayevua kwa burudani naye anahitaji leseni, iwe fimbo yake ni ya elfu hamsini au ya milioni mbili. Maafisa uvuvi wa halmashauri hutoa maelekezo kuhusu leseni, maeneo na samaki wasioruhusiwa.

Aidha, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, yapo maeneo ambayo uvuvi umezuiwa au umewekewa masharti. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vinavyoonekana kutoka fukwe za Kunduchi na Msasani, viko ndani ya Maeneo Tengefu. Anayekwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia anapaswa kupata maelekezo ya hifadhi kabla ya kushusha mshipi.

Kwa wanaobeba wageni, chombo kinapaswa kusajiliwa na kukaguliwa kwa mujibu wa taratibu za Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kila aliyemo awe na jaketi okozi. Hapa ndipo swali la bei linapopata uzito wake kamili. Mmiliki anayenunua fimbo za milioni moja huku jaketi hazitoshi amekosea mpangilio wa matumizi.

Hitimisho

Fimbo za majina makubwa si udanganyifu. Zimetengenezwa kwa ustadi, na wapo wanaozihitaji. Lakini ubora unaomwezesha mwananchi kumtoa samaki majini kwa usalama, yaani pete nzuri, kiti imara, mpindo sawa na kiungio kinachokaza, hupatikana katika fimbo ya bei ya kati. Kijana wa Kunduchi anashauriwa kununua fimbo mbili za aina hiyo kwa risiti, baada ya kuzikagua kwa macho yake. Fedha inayobaki aitumie kwa rili nzuri, leseni na jaketi okozi za wageni wake. Siku biashara ikikua, na mgeni mzoefu akaomba fimbo nyepesi ya kurushia chambo bandia, ndipo fimbo ya bei ghali itakapokuwa imepata kazi ya kuilipia.